Kutoka Kwapa Hadi Goti

Jumamosi, 4 Mei

Leo uwanjani Shemeji amenipita kama anayepita nguzo ya umeme. Hapana. Nguzo angeikwepa. Amemsalimia mtunza uwanja, amemsalimia muuza maji, amemsalimia hata mtoto asiyemjua ni wa nani. Mimi hakuna. Mwaka mzima sasa.

Niandike kisa chenyewe, maana shajara hii ni mpya na haijui. Siku za kazi mimi ni fundi cherehani. Siku za mapumziko ni mwamuzi wa softiboli. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni muuguzi, na ndiye mpigaji hodari wa timu ya Wauguzi. Fainali ya mwaka jana walicheza na Wachapaji, wanawake wa kile kiwanda cha uchapaji. Awamu ya mwisho, Shemeji ana straiki mbili, mpira ukaja, hakuupiga. Nikasema straiki ya tatu. Akatoka. Wauguzi wakalala kwa pointi moja.

Asiyejua mchezo hudhani straiki ni kupiga na kukosa. Siyo hiyo tu. Kuna dirisha. Halionekani, halina mbao wala kioo. Upana wake ni upana wa kibao cheupe kilicholazwa chini mbele ya mdakaji. Kimo chake ni kutoka kwapa la mpigaji hadi juu ya goti lake, akiwa amesimama anavyosimama kupiga. Mpira ukipita humo hata kwa kugusa ukingo, naye akatulia tu, ni straiki. Ukipita nje, ni boli. Straiki tatu, unatoka. Boli nne, unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Na anayeamua kama umepita ndani au nje ni mtu mmoja aliyechuchumaa nyuma ya mdakaji na kinyago cha waya usoni. Mpira hufika kabla hujamaliza kusema neno "mpira".

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Mpira ule wa mwaka jana, nilipepesa macho. Nilipofumbua ulikuwa tayari kwenye glavu ya mdakaji, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Baada ya mechi Shemeji alinifuata, akaniuliza kwa upole kama niliuona. Nikamjibu kwamba niliuona kama ninavyomwona yeye. Tangu siku ile, kimya.

Tarehe kumi na nane ni fainali tena. Timu zilezile! Katibu wa chama atachagua nani asimame nyuma ya kibao na nani apelekwe kituo cha kwanza kuangalia wanaokimbia. Ni mimi au Mwalimu, mstaafu wa hesabu. Nimeuliza kama undugu wangu na mchezaji si tatizo. Katibu akasema kwenye ligi hii kila mtu ni ndugu wa mtu, akitaka wasio na ndugu aagize waamuzi kutoka mwezini.

Lazima niwe mimi. Nikimwamulia Shemeji barabara mbele ya watu, kesi ya mwaka jana itafutika yenyewe, bila mimi kukiri chochote. Kukiri ni kwa watu wasio na mipango.

Jumapili, 5 Mei

Mpango umekuja wakati nanyoa ndevu. Nimejikata, lakini inafaa.

Timu zote mbili zimeagiza sare mpya za fainali. Zimeagiza kwangu. Nani mwingine kati ya waamuzi ana haki ya kuzungusha tepu kwa kila mpigaji? Mwalimu anajua hesabu, lakini hesabu za nani? Mimi nitapima kila mmoja kutoka kwapa hadi goti, niandike kwenye kijitabu, nikariri. Mpigaji akisimama mbele yangu, nitakuwa nalijua dirisha lake kwa sentimita.

Mke wangu ameuliza ninacheka nini peke yangu. Nimesema nacheka kwa sababu ni Jumapili.

Jumanne, 7 Mei

Wamekuja dukani kwa zamu, Wauguzi asubuhi, Wachapaji mchana. Nimepima hadi mgongo umekataa.

Mrushaji wa Wachapaji, tunamwita Pangaboi kwa sababu mkono wake huzunguka duara zima kama feni ya dari kabla ya kuuachia mpira kutoka chini, ameuliza ni nguo gani inayoanzia kwapani na kuishia gotini. Nimesema ni njia mpya ya kupima. Akasema amevaa nguo miaka thelathini na hajawahi kupimwa hivyo. Nikasema ndiyo maana hazijawahi kumkaa vizuri. Hakucheka.

Muuguzi mmoja mrefu, jina lake la uwanjani ni Mlingoti, ametoka sentimita themanini na sita. Mwenzake anayeitwa Kifungo, sitini na tisa. Tofauti ya karibu shibiri nzima! Nimefurahi kama mtu aliyegundua kisima.

Shemeji hakupimwa. Alileta karatasi, akampa mteja aliyekaa mlangoni ampe fundi. Fundi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na tepu shingoni. Karatasi imeandikwa kwa mwandiko wa mke wangu: kifua, kiuno, mkono, mguu. Kwapa hadi goti hakuna. Jioni nikamwomba mke wangu amrudie mdogo wake kwa kipimo kimoja tu kilichobaki. Akauliza ni cha nini. Nikasema ni cha kola. Aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akaenda kuanua nguo.

Basi nimemkadiria kwa macho. Miaka ishirini ya kazi, macho yangu ni tepu ya pili.

Alhamisi, 9 Mei

Kijitabu hakifai kitu.

Nimekwenda mazoezini kukijaribu. Nimesimama nyuma ya wavu, nikasubiri Mlingoti ashike gongo. Themanini na sita, nikajiambia. Akashika gongo. Akakunja magoti, akainama, akajikusanya kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Themanini na sita imekwenda wapi? Kilichobaki hakifiki sitini. Akaja Kifungo. Yeye husimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Dirisha lake likawa kubwa kuliko la Mlingoti.

Nimekaa kwenye benchi kwa muda. Kanuni inasema wazi: anavyosimama kupiga. Haisemi anavyosimama kwa fundi. Na hili nalijua. Suruali ya dereva haikatwi kama suruali ya mlinzi, maana mmoja ameketi na mwingine amesimama. Nimewaambia wateja maneno hayo mara elfu. Sikuwahi kujiambia mimi.

Nikiwa hapohapo kwenye benchi nikawaza jambo lililonitia unyonge kidogo. Dirisha si la kibao, wala si la mwamuzi. Kila mtu huja nalo mwilini, na hulibadilisha kila anapoinama. Mwamuzi analishona upya kila mpira, kwa macho matupu, na hana nafasi ya kufumua.

Halafu nikapata mpango bora zaidi, unyonge ukaisha. Kama dirisha liko mwilini, litiwe alama mwilini! Sare bado ziko mezani. Mashati ni ya buluu kwa Wauguzi na mekundu kwa Wachapaji. Nitapitisha mstari wa uzi mweupe chini ya kwapa, kuzunguka ubavu. Suruali nitazitia kiraka chembamba cheupe juu ya goti. Akiinama, alama zinainama naye. Akisimama wima, zinasimama naye. Kila mpigaji atakuja mbele yangu na dirisha lake limechorwa. Nikiulizwa, ni urembo.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya majaribio. Sare mpya hazijatoka, kwa hiyo leo nilikuwa na macho yangu tu. Walicheza Walimu na Madereva, mechi ya kirafiki. Katibu alikaa nyuma ya wavu na daftari. Mimi awamu tatu za kwanza, Mwalimu awamu tatu zilizofuata.

Mkakati wangu ulikuwa kasi. Mwamuzi anayesema haraka huonekana ana uhakika. Nilisema haraka. Mara ya kwanza nilisema mpira ukigusa glavu. Mara ya pili, mpira ukiwa juu ya kibao. Nikaona watu wanatikisa vichwa, nikadhani ni kwa kustaajabu, nikaongeza kasi. Ukaja mpira wa kupanda. Huo huondoka mkononi ukiwa kiunoni, ukikuita, ukikuahidi, halafu unapaa. Nilisema straiki ungali njiani. Mpira ukapita juu ya kofia ya mpigaji. Mdakaji ilibidi aruke. Watu walicheka hadi wa timu iliyofaidika.

Mwalimu alipochukua nafasi, nilidhani amesinzia. Mpira unafika. Unalia kwenye glavu. Kimya. Mtu unaweza kufunga kifungo kimoja. Ndipo anasema, bila kupaza sauti. Hakuna aliyebisha. Hata mpigaji aliyetolewa aliondoka kama aliyeambiwa saa.

Katibu aliandika sana wakati wangu, aliandika kidogo wakati wake. Nimejaribu kujiambia kwamba kuandikwa sana ni dalili njema.

Jumatatu, 13 Mei

Tangazo limetoka. Nyuma ya kibao, Mwalimu. Kituo cha kwanza, mimi.

Mke wangu amesema kituo cha kwanza nacho ni kituo. Anasema kwa nia njema, na hiyo ndiyo inayouma. Nimekula chakula changu nikiangalia ukuta.

Sare nimezimaliza. Mistari myeupe imekaa vizuri. Haina faida kwangu tena, lakini kufumua mashati ishirini na sita ni kazi ya siku mbili. Zimechukuliwa. Wauguzi wamesifu urembo. Pangaboi ameuliza mbona mstari wa kila mtu uko mahali tofauti. Nimesema ndiyo mtindo.

Jumanne, 14 Mei

Mwalimu amekuja dukani. Ameleta suruali yake ya kijivu ya uamuzi, mshono wa nyuma umechakaa kwa kuchuchumaa, anataka ushonwe upya kabla ya fainali. Hana nyingine, ameivua hapohapo nyuma ya pazia, akajifunga shuka niliyompa, akakaa kwenye benchi kusubiri.

Nikafumua mshono wa zamani. Nikaushikiza kwa mkono, kwa ule uzi dhaifu wa kushikizia, hatua ndefundefu, kama fundi yeyote anavyofanya kabla ya kupitisha mashine. Wakati nashikiza, yeye anazungumza. Nilimuuliza, kwa uchokozi tu, anafanyaje asikosee.

Akasema hukosea. Mechi moja haishi bila mipira minne au mitano anayoikosa. Akifika nyumbani huikumbuka mmoja mmoja, akivua viatu. Akasema zamani alidhani kazi ni kuona. Baadaye akagundua macho ya watu wote ni dhaifu kwa mpira ule, hata ya kijana. Kazi ni kusubiri. Mpira ukishafika, kuna muda mfupi ambapo kichwa kinakurudishia ulichokiona. Ukisema kabla ya muda huo, umesema ulichotarajia, si ulichokiona.

"Dirisha langu huenda limepinda kidogo, Fundi," akasema. "Lakini ni lilelile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa huyu na kwa yule. Na nikikosa, namwambia mdakaji nimekosa. Wakijua utasema umekosa ulipokosa, watakuamini unaposema umeona."

Niliacha sindano. Cherehani zilikuwa zimetulia, na neno lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. "Nilipepesa." Ni neno moja tu. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayejua kuna kitu kinakuja.

Akaingia mteja kuulizia zipu. Nikazinduka.

Suruali nimeikunja na kumpa. Mashine sikupitisha. Nataka iandikwe hapa vizuri: sikuiharibu. Sikuimaliza tu. Kuna tofauti.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekwenda mara mbili hadi mtaa wa Mwalimu kumwomba suruali, nimalizie. Mara ya kwanza niligeuka kwenye kona. Mara ya pili nilifika mlangoni. Alikuwa uani anapiga pasi suruali ileile, polepole, akifuata mkunjo wake. Akanikaribisha. Nimesema nilikuwa napita tu. Akasema mtaa wake hauna pa kupitia, ni mwisho wa njia. Nikasema ndiyo, nilikuwa napita hadi mwisho.

Jumamosi, 18 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Awamu mbili za kwanza, mimi kituo cha kwanza, kila kitu shwari. Awamu ya tatu, Pangaboi akarusha mpira wa chini sana. Mwalimu akachuchumaa kuufuata. Nilisikia sauti kutoka nilipokuwa. Uzi wa kushikizia una sauti yake, kama mtu anayenyofoa kurasa. Mwalimu akasimama taratibu. Hakushika nyuma. Alisubiri ule muda wake, akasema boli, na ilikuwa boli. Ndipo akaniita.

Akavua kinyago akanipa mkononi. Alisema tu kwamba itabidi nimalizie, yeye atakaa kituo cha kwanza na koti la mtunza uwanja kiunoni. Hakuna aliyecheka. Walijaribu, lakini alivyotembea, wima, koti limefungwa nadhifu, waliacha wenyewe.

Nikavaa kinyago. Kilikuwa na joto la uso wake.

Na kweli, mpango ulifanya kazi! Mistari myeupe ilionekana safi. Mpigaji akija, naangalia uzi wa ubavuni, naangalia kiraka cha goti, na dirisha liko wazi kama limechorwa kwa chaki. Awamu ya nne, ya tano, ya sita, hakuna aliyelalamika. Hata nikaanza kusubiri kidogo kama Mwalimu, kwa mapambo.

Awamu ya saba, ya mwisho. Pointi tatu kwa tatu. Wauguzi wanapiga. Wameshatoka wawili, vituo vyote vitatu vimejaa. Mpigaji akaja. Shemeji.

Straiki mbili. Boli tatu. Zote tano zilikuwa wazi, hazikuhitaji uzi. Umebaki mpira mmoja. Ukiwa straiki, ametoka na mechi inaendelea. Ukiwa boli, anatembea bure, wa kituo cha tatu anasukumwa kurudi hadi kwenye kibao, hiyo ni pointi, na Wauguzi ni mabingwa. Nilisikia Pangaboi akijifuta mkono kwenye suruali.

Nikautafuta uzi wa Shemeji. Na hapo ndipo nikakumbuka karatasi. Yeye sikumpima. Nilimkadiria. Mstari wake niliupitisha chini mno, karibu na kiuno. Nilikuwa bado nauangalia ule mstari, nikijiuliza ni shibiri ngapi niongeze, wakati mkono wa Pangaboi ulipozunguka.

Nikasikia glavu.

Mpira ulikuwa juu ya uzi, hilo nina hakika, maana glavu ya mdakaji ilikuwa imetulia usawa wa kifua cha Shemeji. Uzi nao ulikuwa kiunoni. Nilisubiri. Nilisubiri kuliko Mwalimu alivyowahi kusubiri. Nilingoja kichwa kinirudishie nilichokiona, kikanirudishia uzi mweupe.

Nikasema boli.

Kelele zililipuka benchi la Wauguzi. Pangaboi alibaki katikati ya uwanja, mikono imefunguka, ananiangalia kama mtu aliyeona mlango umefungwa na anajua ndani kuna watu. Mdakaji hakushusha glavu. Aliiacha palepale ilipodaka.

Shemeji hakukimbia. Alilaza gongo chini, akageuka. Mwaka mzima hajanisemesha.

"Ile ilikuwa straiki, shemeji," akasema.

Akatembea hadi kituo cha kwanza, maana ndiyo kanuni. Mwalimu alikuwa pale na koti lake kiunoni. Sikuona kama walisemezana. Wenzake walipombeba juujuu, aliwaomba wamshushe.

Jumapili, 19 Mei

Shemeji amekuja nyumbani baada ya chakula cha mchana. Mke wangu akakumbuka ghafla ana kazi uani, akawaita na watoto. Tumebaki wawili sebuleni, yeye kwenye kochi, mimi kwenye kiti ninachopindia suruali.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumweleza kwamba mpira wa kupanda huchanganya, kwamba glavu ya mdakaji hudanganya, kwamba kifua na kiuno kwa mtu aliyeinama si mbali. Nilikuwa na hoja tano. Hakunipa nafasi.

"Nakuuliza tena kama nilivyokuuliza mwaka jana," akasema. "Uliuona?"

Sijui ni nini kilinipata. Labda ni uchovu. Labda ni kwa sababu alikuwa amekaa na mikono magotini, kama wanavyokaa wauguzi wakisubiri mgonjwa aseme panapouma. Nikasema sikuuona. Nikasema na wa mwaka jana sikuuona, nilipepesa. Nikamweleza na habari ya uzi. Habari ya suruali sikumweleza, maana hakuiuliza.

Nikategemea anyanyuke aondoke. Badala yake akaniambia kwamba mpira wa mwaka jana ulikuwa straiki, ya katikati kabisa, aliuona ukija akaganda. Hakuwahi kuninunia kwa sababu ya mpira. Alijua ametoka kihalali tangu alipolaza gongo.

Nikamuuliza, sasa mwaka mzima ulikuwa wa nini?

"Nilikuuliza swali, ukanijibu huku unaangalia viatu vyangu," akasema. "Kama unavyowajibu wateja kwamba nguo itakuwa tayari kesho. Hospitalini tukikosa mshipa, tunamwambia mgonjwa tumekosa. Anaumia, lakini anatupa mkono mwingine. Mimi ni ndugu yako. Ningekupa mkono mwingine."

Nilijisikia mdogo na mwepesi kwa wakati mmoja. Akasema kikombe kile cha ubingwa hawezi kukifurahia, kipo juu ya kabati la dawa pale kazini na leo asubuhi kila alipopita alikiangalia kama mgeni asiyeaga. Ameniomba jambo moja: Katibu akinitaka maelezo ya mechi, niandike ukweli. Matokeo hayatabadilika, lakini Pangaboi atajua alirusha vizuri.

Nikaahidi. Niliahidi nikimwangalia usoni. Mke wangu aliporudi alitukuta tunazungumzia bei za vitambaa, akasimama mlangoni na beseni lake, akajifanya anatafuta kibanio.

Jumatatu, 20 Mei

Mwalimu amekuja na suruali ya kijivu. Ameilaza juu ya meza, akaifungua nyuma, akaniwekea kidole pale uzi wa kushikizia unaponing'inia. Akasema nilisahau kupitisha mashine.

Nikasema ndiyo, nilisahau.

Alikaa kwenye benchi lilelile akanisubiri. Najua kusubiri kwake sasa. Hakumpigi mtu, hakumsukumi, kunamwachia tu nafasi mpira ufike. Jana tu nilikuwa nimeonja utamu wa kusema kweli, na ladha bado ipo mdomoni. Nilivuta pumzi.

Nikasema nyuzi za siku hizi ni mbovu sana.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayeandika kitu mahali. Nimepitisha mashine mara tatu. Suruali ile sasa itazikwa naye. Wakati anaondoka ameniambia awamu ya nne hadi ya sita nilisubiri vizuri, nisiache. Alimaanisha. Hilo ndilo limeninyima raha mchana kutwa.

Jumatano, 22 Mei

Fomu ya Katibu imefika. Ukurasa mmoja. Jina la mwamuzi. Mechi. Idadi ya maamuzi unayoamini ulikosea. Sababu. Sahihi.

Nimeijaza dukani, mlango umefungwa nusu, kalamu mpya. Kwenye idadi nimeandika moja. Nilikaa nikaiangalia ile moja na nikajiona mtu mpya kabisa. Nikawaza nitakavyompelekea Shemeji nakala. Nikawaza hata kuitundika ukutani, wateja waisome, wajue fundi wao ni mtu wa namna gani.

Nikafika kwenye sababu.

Nafasi ya sababu ni mistari miwili tu. Habari ya uzi haienei kwenye mistari miwili. Mtu anayesoma haraka anaweza kuielewa vibaya, na msimu ujao kuna mashindano ya mkoa, na atakayechagua waamuzi ni Katibu huyuhuyu. Nilitafakari sana. Nimeandika: jua machoni.

Nimetia sahihi, nimefunga bahasha, nimeipeleka kwa mkono wangu. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi kulikuwa na mawingu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Haidhuru. Kuna jamaa ninayemshonea makoti, anafanya kazi kituo cha hali ya hewa. Kesho asubuhi nitampitia na koti lake, nimuulize, kwa njia ya mazungumzo tu, kama ana hakika mawingu yale hayakupasuka hata kidogo mnamo saa kumi na nusu. Siombi mengi. Sekunde mbili zinanitosha.